Wakfu wa Mwihoko

Kifungu hicho alikipendekeza Ikhlas mwenyewe, na hakuna aliyemsukuma. Ilikuwa mapema mwaka wa tisini na saba, katika chumba cha nyuma cha hoteli moja mjini Thika, ambapo wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wakiishi Thika na Ruiru walikutana kila mwezi. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa chama. Siku hiyo walikuwa wamefikia sheria za mfuko wa kuwasomesha wanafunzi wasiojiweza, na walipofika kifungu cha saba aliinua mkono.

"Tuandike kwamba mtoto, ndugu au mkwe wa mwanakamati hatafaidika na mfuko huu," alisema. "Na tuandike leo, kabla mmoja wetu hajapata shida."

Watu walicheka, wakapiga makofi, na kifungu kikapita bila mtu kuomba neno.

Mwezi wa Mei barua ya Muna ikaja.

Muna alikuwa dada mdogo wa Ibra, mume wa Ikhlas. Tangu amalize kidato cha nne alikuwa amekaa nyumbani zaidi ya mwaka akingoja kuitwa, kama walivyongoja vijana wote siku hizo, na sasa alikuwa ameitwa kusomea uhandisi katika chuo kilekile alichosoma wifi yake. Aliisoma barua akiwa bado amesimama mlangoni, pale nyumbani kwao Ruiru, kisha akairudia kwa sauti ili mama yake asikie. Bi Khamisa alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni harusi ya nani.

Vigelegele vilikatika Ibra alipofungua ukurasa wa pili.

"Hii ni karo gani jamani?" alisema. "Ati hata kitanda alipie? Na chakula? Mama Zuhair, nyinyi mlilipa hivi?"

"Sisi serikali ilitulipia," Ikhlas alijibu. "Hata pesa za mfukoni tulipewa. Hayo yaliisha."

Ibra alikunja barua taratibu. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo huko Thika mpaka mwaka uliotangulia, nguo za mitumba zilipojaa sokoni na kiwanda kikafunga malango. Pesa alizopewa za kuachishwa kazi alinunulia mashine mbili za kufuma sweta, akaziweka sebuleni mahali palipokuwa na makochi. Alitaka kupata oda za shule. Oda hazikuwa zimekuja bado. Nyumba nzima, yeye na mama yake na Muna na mtoto wao Zuhair, ilikula mshahara wa Ikhlas, aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha maji ya matunda.

"Sasa mnanuna nini?" Bi Khamisa aliuliza. "Si Mama Zuhair ndiye katibu? Si ndiyo kazi ya hicho chama chenu cha Jumamosi, kusomesha watoto?"

Ikhlas aliweka kikombe chini. "Kuna kifungu, mama. Ndugu wa mwanakamati haruhusiwi."

"Nani aliandika kifungu kama hicho?"

"Mimi."

Muna alichukua barua mkononi mwa kaka yake, akaingia nayo chumbani.

*

Ploti ambayo chama kilinunua kwa ajili ya mfuko ilikuwa Mwihoko, ukitoka Githurai, mahali ambapo kila aliyepata kipande cha ardhi miaka ile alikuwa akipanga mawe ya kujenga vyumba vya kukodisha. Kuta za wahitimu zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya milango, zikasimama. Majani yalikuwa yakiota ndani ya vyumba, na mbuzi wa jirani alikuwa amejichagulia kimoja.

Wazo la kujenga lilitoka kwa Ikhlas. Zamani chama kilifanya harambee kubwa, kikapata pesa nzuri, kikawalipia wanafunzi kadhaa mwaka mmoja, na pesa zikaisha. Mwaka uliofuata wanafunzi walewale walirudi na barua zao wakakuta hakuna kitu. Wawili waliacha chuo. Ikhlas aliona aibu ile kama yake, na katika mkutano uliofuata alisimama akawaeleza wenzake juu ya maduka mawili ya msikiti.

"Mtu aliyeyajenga alikufa kabla sijazaliwa," alisema. "Hayauzwi, hayarithiwi. Kodi yake ndiyo inalipa maji na mwalimu wa watoto mpaka leo. Sisi tunaita wakfu. Na sisi tusikusanye pesa za kula. Tujenge kitu kitakachokaa, halafu tusomeshe watu kwa kodi."

"Kama shamba la kahawa la kanisa letu," alisema Gerishon, mwenyekiti, ambaye alikuwa wakili na mzee wa kanisa. "Hakuna mtu anauza miti. Tunauza kahawa."

Hivyo ndivyo walivyonunua ploti. Walichanga, wakajenga, wakaishiwa. Sasa Gerishon na Ikhlas walisimama mbele ya kuta wakimtazama mbuzi.

"Madam, kuna habari," Gerishon alisema bila kumwangalia. "Bedan ako tayari kumaliza vyumba vyote kumi. Mabati, milango, choo, kila kitu. Hatoi kidogo, anamaliza."

"Anataka nini?"

Gerishon alichezea funguo za gari. "Atakuja kwako mwenyewe. Msikize tu. Usimkatalie mlangoni."

*

Bedan alikuja Jumapili. Alikuwa mhitimu na mwanakamati mwenzao, kontrakta aliyejenga nusu ya majumba mapya ya Thika, na kila mtu alijua kwamba mwisho wa mwaka angegombea ubunge. Alipiga hodi kwa sauti ya mtu aliyezoea kukaribishwa, na nyuma yake dereva akaingia na katoni. Unga, mafuta, sukari, mikate. Dereva hakuona pa kuiweka, akaiweka juu ya meza ya kazi, juu ya sweta ambalo Ibra alikuwa akilimalizia.

Ilimbidi Bedan akae katikati ya mashine mbili, magoti yakigusa moja.

"Hizi zinafanya kazi, kijana?" alimwuliza Ibra. Walikuwa karibu rika moja.

"Zinafanya vizuri sana. Ni soko tu."

"Soko gani tena? Mimi ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule, hiyo ya hapo juu. Watoto wote wale wanavaa sweta za kutoka Nairobi na fundi ako hapa Ruiru. Hiyo ni akili?" Alitikisa kichwa. "Kanione. Tutapanga."

"Nitashukuru sana, mheshimiwa."

Ikhlas alimtazama mumewe. Hajawahi kumsikia akimwita mtu mheshimiwa.

Bedan alieleza mambo yake waziwazi, bila kuzungusha. Angemaliza jengo lote kabla ya Septemba. Jengo lipewe jina la marehemu baba yake. Nusu ya wanafunzi wa kila mwaka awachague yeye, kutoka kwa watu wake. Na kile kifungu cha saba kitolewe.

"Kwa nini kitolewe?" Ikhlas aliuliza.

"Kwa sababu kinaadhibu watu mnaowajua. Niko na mpwa wangu, ameitwa, babake hana kitu. Kosa lake ni gani? Kuwa na mjomba mwanakamati?" Hakusema kwa ubaya. Alionekana kuamini kila neno. "Na huyu msichana hapa, nimesikia ni uhandisi. Uhandisi, msichana! Huyu ndiye atakuwa wa kwanza. Tutampiga picha mbele ya jengo siku ya kufungua, watu waone."

Muna, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya chai, hakujua aangalie wapi.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Bi Khamisa.

"Nitafikiri," alisema Ikhlas.

Bedan alicheka, akamaliza chai, akaondoka.

*

"Mtu ameletwa na Mungu mpaka mlangoni," Bi Khamisa alisema hata kabla gari halijakata kona, "na mtu anasema atafikiri."

Ibra alitoa katoni juu ya sweta, akalinyoosha kwa kiganja. "Mama Zuhair, tangu kiwanda kifungwe sijakuomba kitu."

"Najua."

"Nakula mshahara wako, sijasema. Nikienda dukani kwa Maina, ananiuliza mbele ya watu kama madam ameshalipwa. Sijasema. Nakuomba hii moja. Dada yangu asome, na mimi nipate oda. Unainua mkono mara moja tu, basi."

"Nikiinua mkono huo, nitakaa vipi kwenye kile kiti?"

"Kiti hicho unalipwa pesa ngapi?"

"Silipwi."

"Basi," alisema Ibra, akageukia mashine yake.

Kesho yake alikwenda Thika kwa mfanyabiashara wa nyuzi aliyemfahamu tangu siku za kiwanda. Alirudi na mafungu makubwa ya uzi wa rangi ya damu ya mzee, rangi ya sweta za shule ya Bedan. Aliukopa wote. Ikhlas aliyaona yakipangwa ukutani, fungu juu ya fungu, akajua kwamba Ibra ameshamjibia kabla yeye hajajibu.

Siku hiyo jioni, jua likiwa bado halijazama, alimkuta Muna nje akianika nguo. Alichukua upande mmoja wa shuka wakalikung'uta pamoja.

"Usiniulize kama niko sawa, wifi," Muna alisema. "Siko sawa."

"Sikuulizi."

"Nataka kwenda. Sitakudanganya ati naweza kungoja mwaka mwingine. Wenzangu wote wanajiandaa kwenda, mimi niko hapa naosha vyombo."

"Utaenda."

"Na nini?"

"Mkopo wa serikali utalipa sehemu kubwa. Iliyobaki tutaitafuta."

"Huo mkopo nitalipa mpaka nizeeke."

"Utalipa ukiwa injinia. Wengine tunazeeka tukilipa duka la Maina."

Muna alicheka bila kupenda. Akabana shuka kwa vibanio. "Ukitoa hicho kifungu, mimi ndiye wa kwanza. Wa pili nani?"

"Mpwa wa Bedan."

"Na wa tatu?"

"Sijui. Labda shemeji ya Gerishon. Ana shemeji wengi."

"Na mtu ambaye hajui mtu?"

Ikhlas aliinama akachukua shati la Zuhair ndani ya karai. Alilikamua muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

*

Mkutano wa Juni ulijaa kuliko wowote. Bedan alikuwa amelipia chakula cha mchana cha watu wote, na harufu ya nyama choma iliingia chumbani kabla ya ajenda ya kwanza. Hata wahitimu ambao hawajaonekana tangu chama kianzishwe walikuja, wakasalimiana kwa kelele, wakavuta viti.

Bedan alisema vizuri. Alisema juu ya vyumba vilivyoota majani, juu ya wanafunzi wanaongoja, juu ya mvua za mwisho wa mwaka. Alitaja bei ya bati moja na kuwauliza nani kati yao alikuwa na pesa za kununua mia mbili. Watu waliangalia sahani zao.

"Madam katibu ana msimamo wake, tunamheshimu," alimalizia. "Lakini msimamo hauezeki nyumba." Chumba kizima kilicheka. "Na mimi nimefika kwake. Nimeona hali kwa macho yangu. Bwana hana kazi, sebule imejaa mashine zisizofuma kitu, msichana ana barua ya chuo na hakuna pa kupeleka. Mimi nimejitolea kuwasaidia hao kwanza. Sasa mtu akikatalia watu wa nyumba yake, atawasaidia wa nani?"

Ikhlas alihisi uso ukiwaka. Jina la Ibra halikutajwa, lakini aliona baadhi ya watu wakimwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko kicheko. Kulikuwa na wanaume pale waliofanya kazi na Ibra kiwandani. Kwa muda alitaka kuchukua mkoba wake aende nyumbani. Kisha akasimama.

"Amesema kweli," alisema. "Amefika kwangu, na yote aliyoyaona yako hivyo. Mume wangu aliachishwa kazi pamoja na watu wengi mnaowajua. Wifi yangu ameitwa uhandisi. Hakuna mtu humu ndani anayehitaji kifungu cha saba kitolewe kuliko mimi." Alingoja mpaka kijiko cha mwisho kikatulia. "Na ninawaomba msikitoe."

"Kwa nini, madam?" mtu aliuliza kutoka nyuma, kwa upole.

"Kwa sababu Muna ananijua mimi. Akikosa kila kitu, bado kuna mtu wa kumsumbua. Mpwa wa Bedan ana Bedan. Hawa wetu wana sisi. Huu mfuko tulianza kwa sababu ya yule ambaye hana mtu ndani ya hiki chumba. Tukiondoa hicho kifungu, huyo atapitia wapi?"

"Maneno mazuri," Bedan alisema. "Mabati yatoke wapi?"

"Vyumba kumi hatuwezi. Vinne tunaweza." Alikuwa amezungumza na fundi wa Mwihoko wiki nzima, na alisema kwa uhakika. "Tuezeke vinne vya mbele mwezi wa nane, tuvipangishe. Kodi ya vinne inatosha mwanafunzi mmoja, na kinachobaki tunaezekea cha tano. Mwakani cha sita. Tutaenda polepole lakini hatutamwomba mtu. Na tusichague sisi. Chuo ndicho kitakachochagua, kwa alama na kwa shida ya mtu, na sisi tulipe tu. Hata jina tusijue mpaka siku ya kulipa."

"Mwanafunzi mmoja!" Bedan aliinua mikono. "Mimi nawapa vyumba kumi, nyinyi mnataka mtu mmoja!"

Hapo Ngina, nesi wa hospitali moja ya Thika ambaye kwa kawaida hakusema kitu mikutanoni, alifuta mikono yake kwa karatasi. "Mimi nakumbuka wale wawili walioacha shule," alisema. "Mmoja yuko Makongeni anauza makaa. Nikipita ananiamkua, 'Habari madam,' na mimi naona haya. Nataka mmoja anayemaliza. Naunga mkono."

Gerishon aliita kura ya wanaotaka kifungu kibaki. Mikono ilipanda taratibu, kama watu wanaochungulia kwanza jirani yao ameinua au la. Watu waliokula nyama ya Bedan waliinua mikono yenye mafuta. Wa mwisho kuinua alikuwa Gerishon mwenyewe, macho yakiwa mezani, na hapo ikawa wazi kwamba kifungu kimebaki.

Bedan akasimama akavaa koti. "Sawa. Endeleeni. Nyama kuleni, nimeshalipa." Mlangoni aligeuka. "Na huyo bwana wako, madam, mwambie asije shuleni. Oda zimejaa."

*

Ibra alikwenda shuleni hata hivyo. Alikuwa na sweta moja la mfano ndani ya mfuko, limepigwa pasi, na alitaka kuambiwa na mwalimu mkuu mwenyewe. Alikalishwa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka watoto wakatoka kula na kurudi darasani. Mwishowe karani alifungua dirisha akamwambia kwamba oda ilishaenda, na kwamba asiache mfuko wake hapo kwenye benchi.

Aliporudi hakumlaumu Ikhlas kwa neno. Alikaa tu kati ya mashine zake na ule uzi wa mkopo uliofika nusu ya ukuta. Aliyelaumu alikuwa Bi Khamisa, lakini naye hakusema na mkwewe moja kwa moja. Alimtumia mjukuu. "Zuhair, mwambie mama yako mboga imezidi chumvi." "Zuhair, muulize mama yako kama kile chama chake kimeleta sukari." Na Ikhlas, akiwa hatua mbili kutoka pale, alingoja mtoto amletee salamu, akajibu kwa heshima: "Mwambie bibi nimesikia."

Kilichowaamsha ni baridi. Julai ilishuka Ruiru na ukungu wake, mawingu yakakaa juu ya kahawa kutwa nzima, na watoto wakaonekana njiani wamevishwa makoti ya baba zao. Asubuhi moja Muna alitoka chumbani amejifunga shuka mabegani, akasimama mbele ya lile rundo la uzi.

"Kaka, huu uzi unajua ni wa shule?"

"Unauliza nini?"

"Nauliza, uzi wenyewe unajua? Si ni uzi tu. Tufume za watoto wadogo. Tuweke mistari ya kijivu hapa kifuani, nani atajua ulikuwa wa shule gani?"

"Hiyo mashine haifumi mistari. Lazima ubadilishe uzi kila safu."

"Nionyeshe."

Walishinda siku hiyo wameinamia mashine ya pili, wakibishana. Ibra alimfundisha Muna kila kipande kama alivyokuwa akiwafundisha vijana wapya kiwandani, na Muna akauliza maswali mpaka kaka yake akasahau kununa. Waliharibu sweta la kwanza na la pili. La tatu lilitoka na mistari iliyonyooka, dogo, la mtoto wa miaka minne, na Zuhair akakataa kulivua.

Ikhlas alipeleka sita kazini kwake. Wanawake wa maabara walizichukua kabla ya chai ya saa nne, na wale wa sehemu ya kupakia wakalalamika kwamba hawakuambiwa. Muna alichukua nyingine sokoni Thika, akazipanga juu ya gunia, akaita wateja kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. Aliuza pembeni ya mafungu ya mitumba, na akina mama walishika mitumba, wakashika sweta zake, wakarudi kwake. Kufikia mwisho wa Julai mwenye uzi wa Thika alikuwa amelipwa chake, na yeye mwenyewe alimpa Ibra uzi zaidi bila kuombwa.

Jioni moja Ibra alingoja mpaka wote wameketi kula.

"Leo nimekutana na Bedan hapo Ruiru mjini," alimwambia Ikhlas, akimtazama usoni. "Ako na watu wake, wengi. Akaniita, 'Kijana, bado uko na zile mashine?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mimi naitwa Ibrahim, na kama anataka sweta la mtoto aende kwa Muna sokoni, bei ni moja kwa watu wote."

Muna alipaliwa na chai. Bi Khamisa alijifanya hakusikia, lakini baadaye alimwongezea Ikhlas chapati kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe, bila kumtuma Zuhair.

*

Mwezi wa nane vyumba vinne vya Mwihoko viliezekwa. Wahitimu walikuja wenyewe Jumamosi hiyo, wengine na mabati mawili juu ya gari, wengine na misumari tu. Gerishon alivua tai akashika ngazi. Mbuzi alifukuzwa mara tatu. Wiki iliyofuata chumba cha kwanza kilipata mpangaji, mama aliyeuza mboga Githurai, na mwezi haukuisha kabla ya vingine vitatu kujaa. Chuo kilitia sahihi makubaliano na wadhamini wa wakfu: wao walete kodi, chuo kichague mwanafunzi.

Na Muna akapata mkopo wake. Haukutosha, kama walivyotarajia, na sweta zikajazia. Siku ya kujiandikisha, Ikhlas aliomba ruhusa kazini. Bi Khamisa alisema naye anakwenda, hajawahi kuona chuo kikuu, na hakuna wa kumzuia. Alivaa buibui yake mpya.

Foleni ilizunguka ukumbi mzima. Muna alikuwa mbele na fomu zake, Ikhlas kando yake, na Bi Khamisa alipata kiti kando ya ukuta, karibu na mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti kubwa kuliko yeye. Mzee huyo alikuwa akimngoja binti yake aliyekuwa dirishani. Walianza kuzungumza kama wazee wanavyozungumza wakikutana kwenye foleni.

"Huyo ni wako?" Bi Khamisa aliuliza.

"Ni wangu. Mbithe. Wa tatu." Mzee alieleza kwamba alikuwa akichuma kahawa kwenye shamba moja la Ruiru, na kwamba walikuwa wameshakata tamaa. "Nilishamwambia atafute kazi ya nyumba. Tena akaitwa hapa, akaambiwa analipiwa. Miaka yote, mpaka amalize."

"Na nani?"

"Hata sijui. Kuna watu huko Thika waliosoma hapa zamani. Wana nyumba za kukodisha mahali. Niliuliza niende wapi kushukuru, nikaambiwa hakuna pa kwenda. Hawanijui, siwajui. Niliuliza pia wanataka kura ya nani." Alicheka kidogo, akafuta macho kwa mkono wa koti. "Wakasema hawataki chochote."

Ikhlas alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na alisikia kila neno. Jina la Mbithe alikuwa halijui mpaka wakati huo. Hakugeuka. Aliogopa kwamba Bi Khamisa, ambaye alipenda sana kusema mambo ya mkwewe sokoni na msikitini, sasa angemnyooshea kidole mbele ya ukumbi mzima.

Bi Khamisa alimtazama Ikhlas kwa nyuma, muda mrefu. Akamtazama binti mwembamba aliyekuwa akirudi kutoka dirishani na risiti ameikumbatia kifuani. Kisha akavuta mtandio wake vizuri kichwani.

"Waombee dua tu, baba," alimwambia mzee. "Hao nao wana watu nyumbani kwao."